Kompyuta ya gemu ya 2017: tuitengeneze au tununue mpya?

Kutoka: Mama Wawili, Leicester

Asalaam aleikum ndugu zangu. Nina kijana wa miaka 15 na kompyuta ya gemu ya mwaka 2017, tuliinunua mtumba. Mwenyewe anasema ndani mna prosesa ya Ryzen 5 1600, kadi ya michoro ya GTX 1060 ya GB 6 na bodi (sahani kuu inayounganisha vyote) ya B350. Fortnite inakwamakwama. Windows 10 nayo muda wake wa kuhudumiwa uliisha Oktoba 14, 2025, na Windows 11 inaikataa mashine. Kijana ameshachagua mpya ya pauni 1,200, amenionyesha picha mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nakaanga samaki. Kweli imekufa, au nakaribia kuliwa hela zangu?

Kutoka: Baba Pacha, Birmingham

Dada, nunua upumzike. Mimi nilichukua ya kulipa kidogo kidogo, nyumba imetulia.

Kutoka: Fundi wa Reading

Wa aleikum salaam dada. Baba Pacha, usimharakishe mwenzio kwa pesa isiyo yako.

Windows 11 haiikatai kompyuta nzima, inaikataa prosesa. Orodha ya Microsoft ya prosesa zinazokubalika, kwa upande wa Ryzen, inaanzia kizazi cha pili, na yenu ni ya kwanza. Bahati yenu ni soketi ya AM4, yaani tundu la kukalia prosesa kwenye bodi: AMD, watengenezaji wa Ryzen, waliishikilia miaka mingi, na mwaka 2022 wakaruhusu hata bodi za zamani kama B350 zipokee prosesa mpya zaidi za Ryzen 5000. Kwa hiyo Ryzen 5 5600 inaweza kukaa palepale, kwa wati 65 zilezile na feni ileile. Kijana aingie kwenye tovuti ya waliotengeneza bodi, atafute modeli yake kamili na orodha ya prosesa inazokubali.

Ila kabla ya kununua chochote, pimeni. Afungue kasha apulize vumbi kwanza. Kisha acheze gemu akiwa ameondoa kikomo cha fremu (idadi ya picha kwa sekunde) kwenye mipangilio ya gemu, abonyeze Ctrl, Shift na Esc, aangalie kadi ya michoro inafanya kazi asilimia ngapi wakati wa kukwama. Ikiwa 95 na zaidi, kadi ndiyo imezidiwa. Ikiwa chini ya 70, kadi inasubiri kuletewa kazi, na kizuizi kiko kwa prosesa au ram. Asidanganywe na asilimia ya prosesa: ina viini 6, gemu inaweza kuviegemea viwili tu na hesabu ya jumla ikaonekana ndogo. Aniambie pia ram, ile kumbukumbu ya muda, ni vijiti vingapi.

Kutoka: Mama Wawili

Tumetoa vumbi la kujaza mto. Kadi inacheza kati ya 50 na 60. Ram ni kijiti kimoja cha GB 8, na gemu ikiwashwa kinajaa karibu chote. Kijana amenuna.

Kutoka: Fundi wa Reading

Basi kadi iacheni. Anzeni na ram: kijiti cha pili cha DDR4 (aina ya ram ambayo bodi yenu inatumia), GB 8, kasi ileile. Viwili vinasaidiana kubeba, kimoja huchelewesha hata prosesa nzuri. Kama bodi ina nafasi nne, vikae ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa. Wengi hukosea hapo. Tafuteni mtumba, maana bei ya ram imepanda tangu mwishoni mwa 2025, viwanda vinakimbilia mashine za akili mnemba. Na hiyo ndiyo sababu nyingine ya kutokurupukia mpya: soketi mpya ya AMD, AM5, inataka ram ya DDR5 tu, vijiti vyenu haviingii.

Mkishapima tena, ndipo prosesa. Baiosi mpya, ile programu ya ndani ya bodi inayoiwasha kompyuta, iwekwe PROSESA YA ZAMANI IKIWA BADO NDANI. Mkiitoa mapema, bodi haitaitambua ngeni na skrini itabaki nyeusi. Umeme usikatwe katikati, na mtoto mdogo asikaribie swichi ya ukutani.

Kutoka: Mjomba, Houston

Nachomekea kidogo. Kwa wanaopeleka kompyuta nyumbani: mwaka juzi nilimpelekea mpwa wangu Tanga mashine yangu kuukuu. Pawa saplai, kile kisanduku cha umeme, ilikuwa na kile kiswichi chekundu cha kuchagua volti nyuma, kimewekwa 115. Kule ni volti 230. Alichomeka, ikalia paa, moshi. Ninyi wa Uingereza hamna shida hiyo, volti na plagi ni sawa na za nyumbani. Sisi wa Marekani tugeuze kiswichi kabla ya kufunga boksi.

Mpwa nimemnunulia nyingine, ya AM4, prosesa yake ni dhaifu mno. Dada, hiyo 1600 mkiitoa msiitupe. Nitalipia posta.

Kutoka: Mama Wawili

Mjomba, ni yako. Kijiti kinafika Alhamisi. Kijana ameacha kununa tangu aambiwe atafunga mwenyewe, sasa ananiuliza bisibisi iko wapi.