Polisi wa London: wasafishwe au wavunjwe kabisa?

Wakuu, tujadili hili bila jazba. Machi 2023 Louise Casey, mchunguzi wa kujitegemea, alitoa ripoti yake kuhusu Metropolitan Police (Met), yaani polisi wa London. Akasema ubaguzi wa rangi, na chuki kwa wanawake na kwa wapenzi wa jinsia moja, vimo ndani ya mfumo wenyewe. Uchunguzi uliagizwa baada ya Sarah Everard kuuawa Machi 2021 na askari wa jeshi hilohilo, aliyemwonyesha kitambulisho na kumtia pingu.

Katika ripoti hiyo, kilichonikaa kichwani ni friza moja la polisi hao. Lilijaa sampuli za kesi za ubakaji hadi kulifunga ikawa kazi ya askari watatu. Joto la 2022 likaliua, ushahidi ukatupwa. Mwanamke kavumilia kupimwa, halafu kesi inafia kwenye friza bovu!

Na haya si mapya. Ripoti ya jaji Macpherson, juu ya polisi hao walivyochunguza mauaji ya kijana mweusi Stephen Lawrence, ilitaja ubaguzi wa kimfumo tangu 1999. Kamishna wa Met, Mark Rowley, kayakubali matokeo ya Casey ila neno hilo "kimfumo" halitaki. Mimi nasema wavunjwe. Ireland ya Kaskazini polisi wa zamani, RUC, walipumzishwa 2001, wakaja polisi wapya, PSNI, na kwa miaka 10 ajira zikagawanywa nusu Wakatoliki, nusu wengine. Wakatoliki ndani ya polisi wakapanda kutoka asilimia 8 hivi hadi karibu 30.

Mzee wa Barking: Mleta mada, umeruka jambo. Kule kulitangulia mkataba wa amani wa 1998 uliomaliza miaka ya mapigano, London mkataba uko wapi? Tazama Uskoti: vikosi 8 vya polisi viliunganishwa kuwa kimoja 2013, na 2023 mkuu wao Iain Livingstone akakiri mwenyewe kwamba ubaguzi wa kimfumo umo. Kibao kipya, duka lilelile. Shida ni kufukuza. Februari 2025 Mahakama Kuu ilisema Met haiwezi kumwachisha askari kazi kwa kumfutia tu kibali cha usalama, kile cha kuchunguzwa mwenendo wake. Serikali ikalazimika kubadili kanuni. Hapo ndipo pa kukaza.

Mama Salma: Nyie mnazungumzia majengo, mimi nina kijana wa miaka 17. Tunaishi mji mwingine kabisa, wala si London. Mwaka huu kasimamishwa na kupekuliwa mara tatu, hawajakuta kitu. Mara ya mwisho alikuwa kabeba mkate na maziwa niliyomtuma. Uingereza na Wales mtu mweusi hupekuliwa takriban mara nne zaidi ya mweupe, kwa takwimu za serikali yenyewe. Lakini msinielewe vibaya, jirani yangu kazika mtoto aliyeuawa kwa kisu. Polisi nawataka mtaani, tena wengi.

Mleta mada: Mama, hapo umenibana. Mzee, kuhusu kufukuza nakubali. Ila nijibu: anayeamua nani afukuzwe si ni mkubwa wa nyumba hiyohiyo?