Mimi nilizaliwa na mdomo sungura, binti yangu kaakaa: wa pili itakuwaje?

Kovu la Kushoto aliandika:

Wakuu habari. Naomba mwenye kujua anisaidie, mimi na mke wangu tumefika mahali hatulali.

Nilizaliwa na mdomo sungura, upande wa kushoto. Nilishonwa nikiwa mchanga, likabaki kovu kama uzi chini ya tundu la pua, na sharubu haioti pale. Sikuwahi kuliona jambo kubwa. Mwaka jana tukapata binti. Alipotoka tu, kabla sijatazama kitu kingine nilitazama mdomo: mzima, hauna hata mstari. Nikamshukuru Mungu. Siku ya tatu maziwa yakaanza kumtokea puani. Ananyonya, anachoka, analia, anaanza upya. Kumbe walipomkagua walimtazama kwa nje tu. Aliyekuja kumtia kidole na kummulika tochi ndiye aliyekuta kaakaa la nyuma, yaani paa la ndani ya kinywa, lina mwanya.

Sasa ana miezi 14, ameshashonwa, anaendelea vizuri. Mke wangu anataka wa pili. Daktari aliyemshona alituambia, tena akiwa anatoka mlangoni, kwamba uwezekano wa kurudia ni "asilimia nne hivi". Lakini baba anao, mtoto anao, hiyo nne inatoka wapi? Na mbona wangu ni mdomo, wake ni kaakaa? Upande wa mke hakuna kabisa. Kwetu niko peke yangu. Mama ana vitundu viwili kwenye mdomo wa chini lakini hivyo si mpasuko, tangu utotoni tunamwambia ni vya urembo.

MamaWawili alijibu:

Pole kaka. Hiyo asilimia nne naijua, maana ni yangu mimi! Wa kwanza wangu alizaliwa na mdomo na kaakaa vyote viwili, na tuliuliza hadi kwa mabibi, hakuna aliyewahi kuona kitu kama hicho kwenye ukoo. Wazazi wazima, mtoto mmoja mwenye mpasuko: hapo ndipo wanapokupa nne kwa mia. Wa pili akazaliwa mzima. Wewe na binti mkiwa wawili, hata kwa hesabu ya kawaida niliambiwa inapanda, inafika kwenye 15 hivi. Kwa hiyo hukukosea kuuliza.

Na mwambie mkeo asianze kujichimba. Mimi nilipoteza miezi nikihesabu kila kidonge cha kichwa nilichomeza. Baadaye naambiwa mdomo wa juu unafungana kati ya wiki ya 4 na ya 7. Wiki ya nne mimi nilikuwa hata sijajua kama nina mimba.

Chumvi alijibu:

Mke ameze vidonge vya asidi ya foliki, habari imeisha. Mnajitisha bure.

Nesi wa Zamu alijibu:

Kovu, sentensi yako ya mwisho umeiandika kama kitu cha pembeni, na ndiyo iliyonifanya nijibu kabla hata sijavua sare.

Hivyo vitundu vya mama: viko huku na huku ya katikati, juu ya ile sehemu laini ya mdomo? Huwa vinatoa unyevunyevu?

Nakueleza kwa nini nauliza. Duniani karibu mtoto mmoja kati ya 700 huzaliwa na mpasuko wa aina hii, na wengi hawana tatizo jingine. Kwa hao, jeni (vinasaba tunavyorithi kwa wazazi) zinazohusika ni nyingi, kila moja inasukuma kidogo, halafu mambo mengine yanaongezea: sigara, pombe, kisukari kilichokuwepo kabla ya mimba, baadhi ya dawa za kifafa kama valproeti na topirameti (asiache dawa kienyeji mtu hapa, aongee kwanza na daktari wake). Ndiyo maana unaweza kukuta mapacha wa kufanana, jeni zao zilezile, mmoja ana mpasuko na mwenzake hana. Kwa familia za namna hiyo ndipo zile hesabu za MamaWawili zinapofanya kazi.

Yako haikai hivyo. Kwa kawaida mdomo na kaakaa haviendi njia moja. Mpasuko wa mdomo, kaakaa liwemo au lisiwemo, hufuata ukoo wake. Kaakaa peke yake hufuata wa kwake. Mdenmark mmoja, Poul Fogh-Andersen, alilionyesha hilo tangu 1942 kwa kufuatilia familia. Kwa hiyo baba akiwa na mdomo na mtoto akawa na kaakaa tupu, mtu wa kliniki anatakiwa asimamishe kalamu. Tena bibi ana vitundu mdomo wa chini? Hapo mimi nafikiria sindromu ya Van der Woude, hali ya kurithi inayoleta mpasuko na vitundu vya mdomo wa chini. Mara nyingi chanzo chake ni jeni moja tu, IRF6, iliyoko kwenye kromosomu ya 1. Ilijulikana mwaka 2002. Nakala moja ikiwa na hitilafu inatosha, na kila mimba ni kama kurusha sarafu.

Usizimie. Nusu hiyo ni ya kurithi jeni. Mpasuko wenyewe ni habari nyingine: kuna anayepata mdomo, kuna anayepata kaakaa, kuna anayeishia na vitundu tu, na kwa wachache hakionekani chochote. Mama yako, kama ndivyo, ameishi nayo maisha yake yote na mdomo wake mzima.

Chumvi, foliki nakubali, mikrogramu 400 kila siku kuanzia kabla ya kushika mimba, inakinga uti wa mgongo wa mtoto. Kwa mpasuko ushahidi unayumba. Na jeni haiitengenezi.

Kovu la Kushoto alijibu:

Nimempigia mama kwa video, nikamwambia asogeze simu mdomoni. Ni kama mtu kabonyeza ncha ya kalamu kwenye unga, mara mbili. Anasema vinalowa kila asubuhi, yeye anavipangusa, siku zote alidhani ni mate. Halafu akaongeza mwenyewe, bila kuulizwa, kuwa kuna meno mawili ya pembeni hayakuwahi kuota.

Nikamgeukia binti akiwa usingizini. Upande wa kulia kuna nukta. Ndogo mno, nimeishi nayo miezi 14 nikidhani ni mkunjo.

Miaka yote nimekaa mbele ya madaktari wa mdomo wangu, na mama yuko kwenye benchi nje. Hakuna aliyemtazama. Sasa tunaanza na nani, mama au mimi?

MamaWawili alijibu:

Nimeshakwenda kummulika wangu. Hana kitu, ila ameamka na hasira zake zote.

Nesi wa Zamu alijibu:

Hata meno kutoota ni sehemu ya picha hiyohiyo. Nukta ya binti bado sijui, waione wenyewe.

Anza wewe. Omba rufaa kwa daktari wa vinasaba, uende na picha ya mdomo wa mama, na uchore ukoo hata kwa kalamu ya risasi. Wanatoa damu yako, wanasoma IRF6. Wakikosa wanaangalia GRHL3, ambayo ni jeni ya pili ya tatizo hilihili. Wakipata hitilafu yenyewe, kumpima binti na mama inakuwa kazi ndogo. Mkeo hahitaji kuchomwa sindano kwa hili.

Mimba ikishika, mpasuko wa mdomo unaweza kuonekana kwenye utrasaundi. Kaakaa peke yake mara nyingi halionekani, kwa hiyo picha safi isiwalaze usingizi. Mwambieni mkunga mapema: mtoto akizaliwa, kidole na tochi siku hiyohiyo, msisubiri maziwa.