Telefone mu kalasi ya hesabu? Mi nakataa, na namba yangu ni 4 294 967 297

Jana yaya moja wa hapa Katuba alisema batoto baachiliwe telefone mu kalasi ya hesabu toka mwaka wa kwanza wa sekondari, eti hesabu ya mukono ni kupoteza muda, na bengi bakamuitikia. Mi nakataa, yaya, na heshima yote.

Panga 2 thelathini na mbili, zizidishe zote, ongeza 1: njo unapata 4 294 967 297. Telefone inakupa hiyo mu segonde moja, sawa. Sasa ni namba tasa, ni kusema yenye inagawanyika paka na 1 na yenyewe, ao inagawanyika na ingine? Kalkulatrisi inanyamaza, juu inajibu paka kile unaiuliza, na mutoto hajue aiulize nini, ataanza na 3, na 7, na 11, na 13, mpaka vidole vichoke.

Fermat, Mufaransa wa mambo ya hesabu, mu 1640 aliamini ni tasa, juu zenye ziko mbele yake mu mustari wa namba za namna hii (unazidisha 2 moja, mbili, ine, munane, kumi na sita, kila mara unaongeza 1), ni kusema 3, 5, 17, 257 na 65 537, zote ni tasa. Mifano tano, akaamini! Ikapita miaka 92, Euler, Muswisi wa hesabu, akaonyesha mu 1732 kama inagawanyika: 641 × 6 700 417. Na mpaka leo hakuna mutu ameonaka ya sita yenye ni tasa.

Huyo Euler njo alihakikisha pia kama kigawanyo cha ile namba, chenye ni tasa, lazima kiwe 64 mara kitu, uongeze 1. Tuliifanya nyumbani na mutoto wa dada yangu, umeme umekatika, buji juu ya meza, kaye imefunguliwa. Akaandika 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Akakata 65 na 385 juu zinaishia na 5, akakata 129, 321 na 513 juu zinagawanyika na 3. Zikabaki tano, tano tu! Akagawanya na mukono, polepole, 193 ikaacha baki, 257 pia, 449, 577, halafu kwa 641 hakukubaki kitu, akaamuka kabisa kwa kiti. Kwa kugawanya zile tano, kama unataka telefone, mi naikubali, lakini kisha listi, hapana mbele.

Mwingine akasema mu egzame ya serikali ni kuchagua jibu tu, kuhakikisha kuna kazi gani. Ndugu, angalia: 641 ni 5 × 128 + 1, na tena ni 625 + 16, ni kusema 5 mara ine kuzidisha, na 2 mara ine kuzidisha. Na hizo mbili tu unaweza kuhakikisha kama 641 inagawanya ile namba kubwa bila kugawanya hata mara moja, mistari mine inatosha. Banafunzi ba hapa bajaribu, mi nitaandika yangu kesho jioni, na telefone ibaki mu mufuko.