Kampuni ya familia: tubaki binafsi au tupeleke hisa sokoni?

AlizetiSingida (mwanzisha uzi)
Habari za majukumu wakuu. Tuna kampuni ya kukamua alizeti Singida, imesajiliwa BRELA kama kampuni binafsi yenye hisa 10,000. Kaka ana 4,000, mimi na dada 3,000 kila mmoja. Tunataka kufunga mtambo wa kusafishia mafuta, pungufu ni kama bilioni 1. Kaka anasema twende DSE (Soko la Hisa la Dar es Salaam), eti hela ya wananchi haina riba. Dada hataki kusikia habari ya mtu wa nje. Wanaojua haya mambo, faida na hasara za kubaki binafsi ni zipi hasa? Na njia ya katikati ipo?

Mhasibu_Dom
Mkuu, riba haina, ila gharama inayo, na unailipa kabla hujapokea shilingi. Kwanza mpitishe azimio maalumu, mbadilishe memati (katiba ya kampuni), msajiliwe upya BRELA kama PLC (kampuni ya umma). Halafu mshauri wa kuorodhesha, wakili, mkaguzi wa hesabu, dalali wa hisa, na waraka wa matarajio (prospectus) ambao lazima CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji, waupitishe. Hao watu hawakupunguzii bei eti kwa kuwa kampuni yako ni ndogo. Kwa anayetafuta bilioni 50 ni hela ya vocha. Kwa anayetafuta bilioni 1 linamegwa pande zima.

Halafu kuna jambo la biashara yako yenyewe. Alizeti inavunwa kuanzia Mei, na mnanunua mbegu ya kukamua miezi mingi mbele. Mwaka wenu wa hesabu ukiishia Desemba, taarifa ya nusu mwaka inafungwa Juni 30, ghala limejaa mbegu na deni la benki liko juu kabisa. Mkibaki binafsi, hilo analijua meneja wa benki tu, na analielewa. Mkiwa sokoni linasomwa na kila mtu, akiwemo mwenye kinu cha jirani anayewania mbegu hiyo hiyo, na sasa anajua mmebakiwa na pumzi kiasi gani.

Dalali_Posta
Mhasibu kasema kweli, ila tusiwatishe watu kupita kiasi. Soko lina mambo yake mazuri. Gawio la kampuni iliyoorodheshwa DSE linakatwa kodi ya zuio 5%, la kampuni binafsi 10%. Kwenye gawio la milioni 100 hiyo ni milioni 5 imebaki mfukoni mwenu. Kampuni mpya sokoni ikifikisha kiwango cha hisa za umma kilichowekwa kisheria, inalipa kodi ya mapato 25% badala ya 30% kwa miaka mitatu. Na wadogo wana dirisha lao, EGM. Maendeleo Bank ndiyo ilikuwa ya kwanza kuingia humo, mwaka 2013.

Kuorodheshwa na kuuzika ni vitu viwili, hapo niwe mkweli. Hisa za kampuni ndogo zinaweza kukaa siku nyingi bila mnunuzi. Hata wakubwa jasho linawatoka. Vodacom Tanzania walipouza 25% mwaka 2017 kwa shilingi 850 kwa hisa, kwa matakwa ya sheria, ilibidi muda wa kuuza uongezwe na wageni waruhusiwe kununua.

Mhasibu_Dom
Nyongeza kwa Dalali: hiyo 10% ina mlango. Kampuni ya hapa nchini inayomiliki angalau 25% ya kampuni inayotoa gawio inakatwa 5%. Wengine wanashika hisa zao kupitia kampuni ya familia kwa sababu hiyo. Ila mkija kujigawia kutoka kwenye hiyo kampuni ya juu mnakatwa tena, kwa hiyo inafaa kwa hela ya kuzungusha, siyo ya kula.

WakiliMtaani
Mimi nitasema upande ambao dada hataupenda. Kampuni binafsi ni ngome, na aliye ndani naye kutoka ni kazi. Mwenye 3,000 akitaka hela yake leo, atamuuzia nani? Memati nyingi zinawapa wakurugenzi haki ya kukataa mnunuzi. Kaka akiamua miaka mitano hakuna gawio ila mshahara wake upo, wadogo wanakaa na karatasi. Mmoja akifariki, warithi wanasema hisa ina thamani ya laki tano, waliobaki wanasema elfu themanini, na kila upande una hesabu zake.

Dawa ni mkataba wa wanahisa, uandikwe sasa mkiwa bado mnacheka pamoja. Uwe na kanuni ya bei (mfano wastani wa faida ya miaka mitatu iliyokaguliwa, mara namba mtakayokubaliana, toa madeni), haki ya wanahisa kuuziwa kwanza ndani ya siku 60, malipo kwa awamu ili kampuni isikaushwe, na kiwango cha chini cha gawio. Kisha yanayohusu uhamishaji wa hisa yaingizwe kwenye memati. Yakibaki kwenye mkataba peke yake, mtu wa nje hayamfungi.

Mambo mawili yanayowaponza watu. Wanahisa mwisho 50, bila kuhesabu wafanyakazi. Na kampuni binafsi hairuhusiwi kuualika umma kununua hisa, kwa hiyo tangazo la "miliki hisa zetu" kwenye status au kundi la WhatsApp la watu 800 ni kosa. Mwekezaji mfuateni mmoja mmoja.

Kipimo_Sahihi
Njia ya katikati kwa namba. Mkikubaliana kampuni ina thamani ya bilioni 3, kila hisa ni 300,000. Mwekezaji akileta bilioni 1 anapata hisa mpya 3,333. Jumla inakuwa 13,333, yeye ana 25% kasoro kidogo sana. Kaka anashuka kutoka 40% hadi 30%, ninyi wawili kutoka 30% hadi 22.5%.

Sasa angalieni hapa. Azimio maalumu linahitaji robo tatu ya kura. Mkiungana watatu mna 10,000 kwa 13,333, sawa na 75.002%, linapita. Mwekezaji akiomba "tuifanye 3,334 iwe namba nzuri", mnashuka hadi 74.996% na hamuwezi tena kubadili memati bila yeye. Hisa moja tu. Mawakili wao wanaijua hesabu hii.

Kwa mtambo, mimi ningeanza na mkopo. PASS Trust wanadhamini mikopo ya kilimo kwa mtu mwenye upungufu wa dhamana, na TADB (benki ya maendeleo ya kilimo) nao waulizeni. Benki itataka wakurugenzi wadhamini binafsi. Ombeni dhamana hiyo iwe na kikomo cha kiasi, na ife deni likifika nusu. Msipoomba, watawashika kwa deni lote hadi mwisho.

AlizetiSingida
Nashukuru sana wakuu. Kaka ameusoma uzi, sasa anauliza: badala ya kutoa hisa mpya, yeye akimuuzia mwekezaji sehemu ya hisa zake si ni kitu kile kile?

WakiliMtaani
Hapana. Hisa mpya, hela inaingia kwenye kampuni na mtambo unanunuliwa. Akiuza zake, hela ni yake, na kampuni haipati kitu mpaka aikopeshe au ainunulie hisa mpya. Tena faida ya mauzo inatozwa 10% TRA, ushuru wa stempu 1%, na BRELA hawabadilishi daftari bila karatasi za TRA.

Na mkiishia kwenye mkopo, hakikisheni rehani ya mali za kampuni inasajiliwa BRELA ndani ya siku 42. Ikipita, benki inapoteza kinga yake mbele ya wadai wengine na inaweza kuitisha deni lote mara moja. Msiwaachie afisa mikopo, fuatilieni wenyewe hadi mpate cheti.