Septiki imevutwa juzi tu na imeshajaa tena, tatizo ni tenki au sokwei?

Mkazi wa Goba
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada maana mafundi wamenichanganya kichwa. Nyumba tuliinunua ikiwa imeshajengwa, ya 2008, na mwenyewe wa mwanzo alikuwa anajisifia kabisa kuwa choo hakijawahi kuvutwa hata siku moja. Mwezi uliopita maji yakaanza kurudi kwenye chemba ya jikoni, harufu mpaka sebuleni, tukaita gari la majitaka likavuta tukashukuru Mungu, sasa hata hatujakaa sawa ukiflashi maji yanapanda kwenye sinki la choo halafu yanashuka kwa kusuasua. Fundi wa kwanza kasema tenki umri wake umeisha tuchimbe jingine, wa pili kasema tumwage hamira na chumvi ya mawe, jirani anasema tusubiri mvua kubwa tutapishe, yaani tufungulie majitaka yaende na maji ya mvua (huyu nilimnyamazia tu). Hivi septiki inakaa miaka mingapi? Na nianzie wapi kabla sijatoa hela ya kuchimba?

Fundi Chemba
Usichimbe kitu kwanza mkuu. Tenki la zege au la tofali lililopigwa lipu vizuri linakwenda miaka 30, 40 na kuzidi, lako bado kijana. Kinachotangulia kufa ni sokwei, lile shimo la pili la kunywesha maji ardhini.

Iko hivi, ndani ya tenki uchafu mzito unazama unakuwa tope, mafuta ya jikoni yanaelea juu, na maji ya katikati ndiyo yanayotoka kwa bomba la T kwenda sokwei. Bakteria wanakula lile tope lakini hawalimalizi, kila mwaka linapanda kidogo, usipovuta linafika usawa wa T na kuanza kupita lenyewe. Likishaingia sokwei linaziba udongo, kuta zinavaa utelezi mweusi na maji hayanyweki tena. Kwa hiyo huyo bwana aliyejisifia hajavuta ndiye aliyekuuzia tatizo.

Kesho fungua mfuniko wa sokwei uangalie kwa juu TU. Maji yakiwa yamelifunika bomba linaloingia, sokwei imeziba, na ndiyo maana ukivuta tenki peke yake maji yanarudi kinyumenyume kulijaza. Ila ukikuta sokwei iko chini na tenki limejaa, hapo T au bomba la kati ndilo limeziba, hiyo kazi ya kusafisha tu. Na asiingie mtu humo hata kama limevutwa, gesi ya mle inamwangusha mtu kabla hajapiga kelele na anayemfuata kumwokoa naye anabaki humohumo.

Binti Kigamboni
Mbona sisi huku tangu tuhamie hatujavuta na choo kinafanya kazi vizuri tu? Naona mnatutisha watu.

Fundi Chemba
Dada yangu huko kwenu mchanga, maji yanazama hata usiku mmoja. Halafu ulizia kama hilo shimo lina sakafu, wengi huko walijenga shimo moja bila zege chini wakaliita septiki, hapo hakuna kinachochujwa, kila kitu kinakwenda ardhini moja kwa moja. Kama mna kisima cha maji ya chini uwanjani hesabu hatua, mita 30 kutoka kwenye shimo ndio angalau.

Jamaa wa Kitengela
Huku kwetu udongo mweusi wa pamba, mvua ikinyesha wiki moja sokwei inajaa maji ya mvua na choo kinagoma, kwa hivyo Mkazi angalia pia kama shida inazidi wakati wa mvua. Kitu kingine watu husahau ni tangi la kuflashia. Weka rangi ya chakula kwa hilo tangi, kaa nusu saa bila kuflashi, ukiona rangi kwa sinki la choo basi inavuja mchana na usiku na hayo maji yote yanaishia kwa shimo. Na hawa watu wa malori uwasimamie, wengi hunyonya maji ya juu wakaenda wakaacha tope chini, waambie wakoroge kwanza. Ukitaka kujua kama wakati wa kuvuta umefika chukua mti mrefu funga kitambaa cheupe, shusha mpaka chini, kile kimo cha matope kitajichora. Tope na mafuta vikifika theluthi moja ya kina cha maji, ita lori. Nyumba ya watu 5 au 6 mara nyingi ni kila miaka 3 mpaka 5.

Mama Wawili
Na ile hamira jamani inasaidia kweli? Dukani wanauza hata unga wa bakteria kwa bei ya ajabu.

Fundi Chemba
Mama hao bakteria mnawapeleka wenyewe kila siku bure 😄 hakuna haja. Chumvi ndiyo inawaua, na dawa ya kung'arisha nguo ukimwaga chupa nzima kwa mkupuo. Kufulia kawaida hakuna neno. Mafuta ya kukaangia, pedi na wet waipu ndivyo vya kukataza. Kutapisha usithubutu, ni kosa kisheria na kipindupindu hakichagui jirani.

Mkazi wa Goba
Nimefungua wakuu. Sokwei imejaa mpaka imefunika bomba, na choo cha wageni kumbe flashi inavuja kama mlivyosema, nimeshabadilisha ile mpira. Sasa nichimbe sokwei nyingine au ya zamani inaoshwa? Udongo wetu mfinyanzi.

Fundi Chemba
Kuoshwa sio dawa. Chimba ya pili pembeni, tofali ziachwe matundu, chini bila zege, zungushia kokoto, halafu katikati weka chemba ya kugawa maji ili uwe unaziba njia moja na kufungua nyingine. Ile ya zamani ikipumzika mwaka mzima ule utelezi unakauka na inarudi kunywa kiasi. Ila kabla ya kujenga chimba kishimo cha kujaribia, jaza maji jioni, asubuhi jaza tena uone yanashuka kwa kasi gani, mfinyanzi ukigoma kabisa hamisha sehemu. Tenki nalo ligonge mfuniko kwa chini, ile gesi ya yai viza inakula zege la juu kwanza, nondo zikionekana mimina mpya na watoto wasicheze hapo. Kuna miti mikubwa upande huo?

Mkazi wa Goba
Upo mwarobaini, kama hatua nne hivi kutoka kwenye sokwei.

Fundi Chemba
Basi sokwei mpya peleka upande mwingine wa kiwanja, mizizi isiifikie.