Kongamano la uamsho la Wamethodisti Moshi: mikutano ya hadhara au vikundi vidogo?

Katibu wa Pasua
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Kamati yetu ya maandalizi hapa Moshi inapanga kongamano la kanda la kuhuisha maisha ya kiroho, litakalokutanisha makanisa ya Methodisti ya Kilimanjaro na Arusha pamoja na wageni watakaopitia Holili kutoka upande wa Taveta. Malazi na chakula havitusumbui, maana akina mama wamekwisha kugawana wageni nyumba kwa nyumba. Tumekwama kwenye ratiba: vijana wanataka mikutano ya uwanjani kila alasiri, yenye kwaya na vipaza sauti, ilhali wazee wanataka washiriki wakae kwa vikundi, wasome Neno na kuombeana. Mapokeo yetu ya Kimethodisti yanatuelekeza upande upi?

Mzee wa Sakina
Mwanangu katibu, nashukuru kwamba umeuliza kabla ya mabango kuchapishwa. Wengi huuliza wakiwa wamekwisha kulipia jukwaa. John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti wetu, alikuwa kasisi wa miaka mingi, tena amerudi kutoka Georgia, Marekani, akiwa amevunjika moyo, alipokwenda bila hamu kwenye kikao kidogo cha jioni katika mtaa wa Aldersgate, London, tarehe 24 Mei 1738. Hapo palikuwa pakisomwa utangulizi wa Martin Luther kwa Waraka kwa Warumi (majirani zetu Walutheri wa KKKT hufurahi sana tukiwakumbusha), naye akasikia moyo wake ukipata joto asilolizoea.

Hata madarasa yetu, yaani vile vikundi vidogo vya waumini chini ya kiongozi mmoja, hayakuanzia kwenye mahubiri. Mwaka 1742 jamii ya Wamethodisti wa Bristol, Uingereza, ilikuwa na deni la jengo, ikaamuliwa kila mwanachama atoe peni moja kwa wiki, na mtu mmoja akabidhiwe watu kama 12 wa kuwakusanyia. Wakusanyaji walipozunguka majumbani wakakuta huyu amerudi kwenye ulevi, yule hasemezani na mkewe, na kazi ya kukusanya fedha ikageuka kuwa malezi ya roho. Mwaka 1763, alipopita Pembrokeshire, huko Wales, na kukuta mahali palipohubiriwa kwa miaka mingi bila waumini kuunganishwa, Wesley aliandika kwa uchungu kwamba kuhubiri kwa namna hiyo ni kumzalia mwuaji, yaani Shetani, watoto.

Kwa hiyo undeni madarasa kabla ya kongamano, Pasua lake, Majengo lake, Kiborloni lake, na viongozi wajulikane kwa majina. Atakayeokoka siku ile asiondoke kabla hajakutanishwa na kiongozi wa mtaa wake. Mkikosa hilo, mtabaki na picha tu.

Mwinjilisti wa Njiro
Shikamoo, mzee. Nakubaliana nawe kuhusu madarasa, lakini tusisahau kwamba huyo huyo Wesley, aliyekuwa akiona kuokoa roho nje ya jengo la kanisa ni karibu dhambi, alikubali mwaliko wa mhubiri mwenzake George Whitefield na kuanza kuhubiri nje mjini Bristol mwezi Aprili 1739. Wachimba makaa ya mawe wa Kingswood wasingemfuata kanisani, kama vile wachuuzi wa soko la Mbuyuni wasivyoweza kuacha meza zao waje kukaa ndani kwenye semina yetu ya siku tatu.

Ningeshauri alasiri moja tu ya hadhara, Jumamosi, imalizike kabla ya giza. Ombeni kibali cha polisi mapema, na vipaza sauti vielekezwe uwanjani badala ya kwenye madirisha ya watu, kwa kuwa siku hizi malalamiko ya kelele hufika NEMC, baraza la taifa la mazingira, na jirani aliyekeshwa hatasikia Injili.

Dada wa Marangu
Mimi ni wa KKKT, ila nimelelewa katika ushirika wa Uamsho, ule uliosambaa Afrika Mashariki kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930. Nimeona watu wakirudisha mali waliyodhulumu na ndugu wakipatana baada ya kuungama. Nimeona pia mke akieleza mbele ya kundi siri ya ndoa isiyokuwa yake peke yake, na kufika Jumatatu habari imeenea kijiji kizima. Wafundisheni viongozi wenu mapema ni mambo gani husemwa kundini na yapi hupelekwa kwa mchungaji faraghani. Nimesoma kwamba vikundi vya ndani vya Wesley viliwatenga wanaume na wanawake, waliooa na wasiooa. Sioni kwa nini ninyi muwachanganye.

Katibu wa Pasua
Asanteni sana, nitaipelekea kamati pendekezo la alasiri moja ya hadhara na madarasa yaundwe kwanza. Limebaki moja: je, yafaa kufunga kongamano kwa ibada ya Agano, ile ya waumini kuweka upya ahadi yao kwa Mungu, au hiyo ni ya mwaka mpya tu?

Mzee wa Sakina
Yafaa. Desturi ya mwaka mpya ilikuja baadaye; Wesley aliiongoza kwanza London mwezi Agosti 1755. Lakini maneno yake ni mazito, mtu anakubali kutumiwa na Mungu au kuwekwa kando, kwa hiyo msimpe mgeni karatasi dakika ile ile na kumtaka aape. Nakala ziwafikie viongozi wa madarasa wiki mbili kabla, wayasome na watu wao, na asiye tayari aruhusiwe kukaa kimya bila kuulizwa.