Simu kubwa yenye kalamu: Note 20 Ultra ao S22 Ultra?

Mate_Katuba
Jambo wote. Natafuta simu ya skrini kubwa yenye kalamu yake ndani. Hapa Lubumbashi nimeonyeshwa mbili, zote zimetumika: Galaxy Note 20 Ultra na Galaxy S22 Ultra. Muuzaji ananiwekea hadi Jumamosi. Mngechukua ipi?

FundiBelAir
Mkubwa, hapo hujatupa kitu. Bei gani? Zimetoka Dubai, Ulaya ao Marekani? Na kalamu unaitakia kazi gani? Usipotuambia kazi, kila mtu atakusifia simu yake tu.

Mama_Tumaini
Na laini ngapi? Mimi bila Airtel na Vodacom kwa pamoja wateja hawanipati.

Mate_Katuba
Sawa. Nafundisha mate, yaani hesabu, darasa la sita la sekondari, sehemu ya sayansi. Finalisti wangu wanataka mazoezi ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, jioni kwenye WhatsApp. Sasa naandika ubaoni na kupiga picha, na mwanga wa dirisha unafuta nusu ya ubao. Nataka niandike kwenye skrini huku naeleza kwa sauti, nirekodi, niwatumie. Pesa ni dola 350, nikijikaza sana 400. Laini ni mbili. Zilikotoka sijaambiwa.

FundiBelAir
Haya, sasa tuongee. Kwa kuandika, zote mbili zitakufaa, na sababu ni hii: kalamu ya Samsung haihitaji chaji ili iandike. Inapata nguvu kutoka kwenye tabaka lililolala chini ya skrini, na tabaka hilo linajua ncha iko wapi hata kabla haijagusa kioo. Ndiyo maana unaweza kulaza kiganja kizima kwenye skrini na simu isikihesabu. Mtu wa mate anahitaji hilo kuliko kamera zote. Unavuta mstari wa sehemu, juu sin x, chini x, pembeni limite, mkono umetulia.

Tofauti ziko kwingine. Note 20 Ultra ni ya 2020, inchi 6.9, betri 4500 mAh. S22 Ultra ni ya 2022, inchi 6.8, betri 5000. Kwa jinsi umeme unavyokatika hapa kwetu, hiyo 500 ya ziada utaiona. Tena Note iliishia Android 13, lakini S22 ilitoka na Android 12 ikiwa na ahadi ya matoleo manne mbele. Mimi S22, bila kusita.

Ya_Kafubu
Fundi, umeruka kadi! S22 Ultra haina pa kuweka kadi ya memori. Mwalimu atarekodi kila jioni, ataziweka wapi? Mimi niko na Note 20 Ultra muda mrefu, kadi ndani, mambo yote mule. Ikiharibika kesho nachomoa kadi na video zangu zinabaki.

FundiBelAir
Ya Kafubu, nakuheshimu, ila mwalimu amesema laini mbili. Kisahani cha laini cha Note kinapokea laini mbili, ao laini moja na kadi. Vyote vitatu haviingii.

Ya_Kafubu
Laini ya pili aweke kwenye kasimu kadogo ka kupiga. Nani Lubumbashi hana simu ya pili?

Transit_Kasumbalesa
Mnagombana kabla ya kujua ni simu za wapi. Mwalimu, ingia Mipangilio, mwisho kabisa Kuhusu simu, usome namba ya modeli. S22 Ultra ni SM-S908 na herufi nyuma yake. B ni ya Ulaya, U ni ya Marekani, N ni ya Korea. Ile ya U ina tundu moja tu la laini, ya pili ni eSIM, yaani laini isiyo na kadi ya kuingiza. Nyingine za U zimefungwa kwenye mtandao wa kule, unaweka laini yako na simu inakuomba namba ya siri ya kuifungua. Nenda na laini zako zote mbili, uziweke, upige simu na kila moja ukiwa bado mbele ya muuzaji.

Jambo la pili, B ina prosesa ya Exynos, ile ya Samsung yenyewe. Ukirekodi muda mrefu inapata joto. Rekodi zoezi moja moja.

Mama_Tumaini
Mwalimu, naomba usome hii mpaka mwisho. Mimi ni mshonaji. Nilinunua Note 20 Ultra nichoree wateja mitindo mbele yao. Muuzaji alichora ua kwa kidole, likatokea zuri, akatoa kalamu, akaandika jina langu katikati ya skrini. Nikalipa.

Siku ya kwanza ya kazi nachora gauni, nafika kwenye mkono wa kulia, mstari unakatika. Narudia, unakatika palepale. Upande wa kulia kulikuwa na ukanda wa upana wa dole gumba, toka juu hadi chini, ambao kalamu haionekani kabisa. Kidole kinafanya kazi pale, kalamu hapana. Nilidhani ni kava, maana lilikuwa na sumaku na sumaku huvuruga kalamu. Nikalivua, ni vilevile. Nikabadili ncha, ni vilevile.

Fundi alipoifungua tukaona skrini iliwahi kubadilishwa, na lile tabaka la chini analolisema FundiBelAir lilikuwa limechanika ubavuni. Nikarudi dukani. Muuzaji akasema mimi ndiye nimeiangusha, wakati kioo hakina hata mkwaruzo. Pesa haikurudi. Leo kila mchoro nausogeza kushoto, na mteja mnene haenei.

Kwa hiyo kabla ya kutoa dola: fungua Samsung Notes, chora kwa kalamu mistari myembamba kutoka pembe hadi pembe, kisha zigizaga za karibukaribu, pole pole, kwenye kingo zote nne. Mstari ukiruka hata kidogo, ondoka.

FundiBelAir
Mama anasema kweli tupu. Skrini za bei rahisi za Note zipo zinazofanya kazi na kidole tu. Na simu zote mbili kioo chake kimepinda pembeni, kwa hiyo kingo ndizo zinazoumia kwanza zikianguka. Kioo bapa kilirudi kwenye S24 Ultra, lakini kwa 400 hiyo tuiache.

Junior_UNILU
Kwa nini lazima Samsung? Infinix Note 6 ilikuja na kalamu. Na Moto G Stylus nimeona watu wanaleta kutoka Marekani, bei ndogo.

FundiBelAir
Junior, Note 6 ni ya 2019 na skrini ni inchi 6 tu. Moto za mwanzo kalamu yake ni kama kidole chembamba, haina nguvu ya ndani. Laza kiganja uone, karatasi yote inajaa madoa.

Prof_Likasi
Mwenzangu mwalimu, acha simu. Chukua Galaxy Tab S6 Lite. Inchi 10.4, betri 7040, kalamu imo ndani ya boksi, kioo bapa, kadi inaingia. Kwenye simu integrale ndefu haienei mstari mmoja, utaikata mara tatu na mtoto atapotea. Simu yako ya sasa ibaki na laini zako.

Tena video ya nini? Watoto wananunua mega za intaneti kwa shida. Andika, toa PDF, ongeza sauti ya WhatsApp.

Finalisti_Ruashi
Prof, samahani, mimi ni mwanafunzi. PDF inaonyesha jibu limekwisha. Kwenye video tunaona mwalimu ameanza wapi, amefuta nini, kwa nini amegeuza alama. Mega tunachanga, mmoja anapakua na kuwagawia wengine bila intaneti.

Ya_Kafubu
Umeona? Video. Kwa hiyo kadi. Kwa hiyo Note.

Prof_Likasi
Kama ni video, basi kwenye kirekodi cha skrini cha Samsung chagua 480p, uzime ile picha ya uso wako pembeni. Faili inapungua sana.

Mate_Katuba
Asanti sana nyote. Jumamosi naenda na laini zangu na nitachora kingo zote kama Mama alivyosema. Ile tableti nayo imeniingia kichwani, nitaulizia mjini. Lakini Prof, kwa 480p vipeo vinasomeka? x² na x³ si zitafanana?

Finalisti_Ruashi
Mwalimu wetu wa fizike anatuma hivyo hivyo. Akiandika kubwa tunasoma. Wa kemia anaandika ndogo, pale namba za chini hatuzioni kabisa.